Kumsindikiza Nahodha

Tk.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Ulimi wa kitasa ukiingia mahali pake taratibu, kama mtu anayefunga chumba alimolala mtoto mchanga. Lakini mle chumbani mwa wachezaji, kule Louisville, sauti hiyo ilikuwa inazima maneno yote. Waliokuwa wanacheza karata waliacha karata hewani. Redio iliendelea kuimba peke yake, mpaka mtu akaionea aibu na kuizima. Mimi nilikuwa nyuma, chumba cha kufulia, mikono imejaa soksi, mashine zinanguruma, na bado niliisikia. Mpaka leo nikiisikia mahali popote, iwe kwa daktari wa meno au kanisani, nasimama kwanza.

Ulikuwa mlango wa ofisi ya mzee. Mzee alikuwa kocha mkuu wa timu ya besiboli, ila wachezaji walimwita nahodha, ndivyo wanavyowaita makocha wa mchezo ule. Timu yetu haikuwa ya ligi kubwa. Ilikuwa ngazi moja chini, mahali pa kungojea. Kijana alicheza kwetu huku sikio lake liko kwenye simu: leo wataniita juu au hawataniita? Na siku yoyote mzee angeweza kumwita ofisini. Kama habari ni njema, mlango uliachwa wazi ili wote wasikie na wapige kelele. Kama ni mbaya, yaani kazi imekwisha, kusanya vitu vyako, mzee aliinuka, akaizunguka meza, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwahi kumwambia aliyeitwa, "Funga mlango." Alisema baadaye kwamba mtu asitumwe kujifungia habari zake mbaya.

Nilifika hapo kwa mkono wa shangazi. Sisi ni watu wa milimani, Kivu ya Kusini, kule juu kwenye baridi na ng'ombe. Shule yangu iliishia kambini Burundi, kwenye darasa lenye turubai badala ya paa. Shangazi na mume wake walipopata nafasi ya kuja Amerika, jina langu lilikuwa kwenye faili lao. La mama lilikuwa kwenye faili lingine, na faili lile likakwama. Basi nikaja, mama akabaki. Mume wa shangazi akapata kazi ya kupanga mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege. Shangazi akapata kufua jezi, akaniingiza na mimi.

Mwanzoni nilicheka sana. Niliita mchezo ule mchezo wa wachungaji. Wanaume wamesimama majanini muda mrefu, mmoja hapa, mmoja kule, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema, wanatazama mbali. Ghafla kitu kinatokea, wote wanakimbia, kisha wanasimama tena. Nilijisikia nyumbani. Niliupenda hata udongo mwekundu uliogoma kutoka kwenye suruali.

Sasa niseme habari ya kusindikiza, maana ndiyo iliyoniletea haya yote.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Unambebea mzigo wake, unatembea naye mpaka kijito, au mpaka mahali njia inapokata kona. Na hurudi mpaka yeye mwenyewe aseme, "Rudi sasa." Ni yeye anayekuachilia. Ukigeuka kabla ya neno hilo, ni kama umemtupa njiani.

Siku moja mchana, mlango ulifungwa. Tk. Aliyekuwa ndani alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, mtu mpole, ndiye pekee aliyekuwa akisema asante kwa kila soksi. Akatoka. Akaanza kutia viatu vyake kwenye begi. Wenzake wote, watu waliokula naye asubuhi ile, walikuwa wanatazama kamba za viatu vyao. Hakuna aliyesimama. Nilingoja mtu asimame. Nikasema moyoni, labda wanamwachia aliye mdogo kuliko wote. Basi nikatoka kule nyuma, nikafuta mikono, nikachukua begi lake dogo.

Akaniangalia. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuomba maji tu.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza tulipofika barabarani.

"Na wewe."

"Gari lako liko wapi?"

"Sina gari."

Tukatembea. Jua lilikuwa kali, mto unanuka tope. Tukafika kona ya kwanza, nikapunguza mwendo ili aseme lile neno. Hakusema. Kona ya pili, kimya. Nikasema kumbe huyu ana huzuni sana, anataka nifike mbali. Tukapita maduka, tukapita kanisa, tukafika kituo cha mabasi. Akakaa kwenye benchi, nikasimama kando yake na begi. Akaninunulia soda. Nikainywa nimesimama. Basi lake lilikuwa bado sana.

"Hawakuhitaji kazini?" akauliza mwishowe.

"Wananihitaji sana."

"Sasa mbona huendi?"

"Hujaniambia nirudi."

Nikamweleza kwa yale maneno machache niliyokuwa nayo, na mengine kwa mikono. Alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akajifunika uso kwa kofia, akakaa hivyo, mabega yanatikisika, na sikujua kama bado anacheka. Alipoitoa kofia macho yalikuwa mekundu.

"Rudi sasa," akasema. "Asante. Rudi."

Shangazi alikuwa ananingoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Bon, weye! Ulikuwa wapi? Soksi zinaoza mu mashine!"

"Nilisindikiza mgeni, shangazi."

"Mgeni gani? Yule bamemufukuza! Huku mutu akifukuzwa anaenda yeye peke. Donc weye utasindikiza kila mwenye kufukuzwa? Utatembea mupaka wapi, mupaka Kinshasa?"

Nilicheka, naye akacheka, tukatoa soksi. Lakini aliyefuata kufungiwa mlango nikamsindikiza pia. Na aliyefuata. Nilikuwa na furaha, jamani. Niliona nimepata kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza.

Kitu nilichokuwa sikijui ni hiki: wachezaji wa besiboli ni watu wa kuogopa ishara. Mmoja hakanyagi mstari mweupe. Mwingine anakula chakula kile kile kila siku ya mechi mpaka bahati yake igeuke. Wakaanza kuniangalia mimi. Nikipita na taulo, maongezi yanakatika. Siku moja nilikuwa nafagia, nikaliinua begi la mtu ili nipitishe ufagio, mwenyewe akaruka kutoka upande wa pili wa chumba.

"Liweke chini! Dada, nakuomba, liweke chini!"

"Nafagia tu."

"Fagia kwa jirani! Yeye hapigi mpira wiki nzima sasa, mwanzie huyo!"

Chumba kizima kilicheka. Jirani hakucheka. Akalivuta begi lake taratibu, akalipakata kama mtoto. Kesho yake asubuhi mlango ulifungwa, naye ndiye aliyekuwa ndani. Alipotoka aliniona nimesimama, akatikisa kichwa, akapita upande mwingine mbio, kama mtu aliyeona mzuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwao mimi ndiye ule mzuka.

Mzee akaniita. Nilipoingia aliinuka, akaushika mlango, akasimama pale hajui afanye nini nao. Mwisho akauacha nusu.

"Mtoto," akasema, "watu wa hapa wanapenda kuondoka peke yao."

"Nani amekuambia, mzee?"

Alikuwa na uso mrefu, masikio makubwa yaliyoungua jua. Akafungua droo, akatoa mbegu za alizeti, akanimiminia kiganjani.

"Wananiogopa mimi vya kutosha. Wasikuogope na wewe. Usiwasindikize tena."

"Sawa, mzee."

"Unajua mimi nangoja nini hapa?"

"Ushindi."

Akacheka kidogo. Akaniambia kwamba ujanani alicheza miaka mingi, lakini juu hakufika hata siku moja. Akawa kocha katika miji midogo, mmoja baada ya mwingine, mpaka nywele zikawa nyeupe. Amewapeleka vijana wengi juu, amewafungia wengi zaidi mlango. Anachongoja ni kuitwa yeye. Aongoze timu ya ligi kubwa msimu mmoja. Hata nusu msimu. Alisema bila haya, kama mtoto anayetaja anachotaka sikukuu.

"Nikiitwa nitakuchukua," akasema. "Hata huko juu jezi zinachafuka."

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Tangu siku hiyo nilimwambia mama kwa simu, kila Jumapili, kwamba mzee wangu ataitwa, na mimi nitafua jezi za ligi kubwa, na faili lake likifunguka atanikuta mji mkubwa wenye taa. Mama alikuwa anaitika tu, "Ndiyo, mwanangu." Nyuma yake nilisikia watu wa kambi wanachota maji.

Mwaka uliofuata mzee alipandishwa cheo, lakini si juu alikotaka. Klabu nyingine ilimpa ofisi Columbus, awe mkurugenzi. Tai shingoni, viatu vya kung'aa. Shangazi naye alikuwa anahamia mji huo huo, maana watu wa kanisa letu wengi walikuwa wamekwenda huko kufuata maghala. Nyumba ya shangazi ilijaa, basi nikapanga chumba karibu na chuo kikuu pamoja na dada mmoja Mtanzania aliyekuwa anasomea afya. Kiswahili hiki ninachoandika ni kwa mkono wake. Kila nikisema "mutu" alikuwa anaweka sufuria chini, ananitazama, ananingoja nirekebishe ndipo apakue.

Nikaenda uwanjani kumtafuta mzee, wakanipa kazi ya kusafisha ofisi za ghorofani. Ya kwake haikuwa na mlango. Fremu ilikuwepo, bawaba zilikuwepo, mlango wenyewe ulikuwa umetolewa. Watu wa ofisi waliambiwa kwamba hewa ilikuwa haipiti. Dirisha lilikuwa kubwa kama ukuta.

"Mlango wako umekwenda wapi, mzee?"

"Nimeusindikiza," akasema. Nilifurahi kwamba anakumbuka.

Lakini hakuwa vizuri. Kazi yake sasa ilikuwa simu. Alikaa pale juu, akaamua nani abaki na nani aondoke, kisha akampigia kocha mahali fulani, na kocha yule ndiye aliyefunga mlango. "Nafunga milango ya miji ambayo sijawahi kukanyaga," aliniambia. "Na siwaoni nyuso." Nilidhani kutowaona kungekuwa nafuu. Kumbe wale aliowafungia walikuwa wanamjia.

Nilikuwa napangusa meza, asubuhi, ofisi kimya, naye anasoma. Akainua kichwa.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, mzee."

Nilidanganya. Nilikuwa nimesikia. Tk, pale pale kwenye fremu tupu. Nikajiambia ni bomba la maji, au kitu cha jirani. Siku nyingine aliitazama ile fremu kwa muda, uso ukalegea kwa upole, akasema, "Ingia, mwanangu, ingia," na mkono ukaonyesha kiti. Nikageuka kumpisha anayeingia. Hakukuwa na mtu. Mzee akaurudisha mkono mezani, akaanza kuzipanga kalamu zake. Nilikivuta kile kiti nyuma kidogo, kama ambavyo mtu angekivuta akitaka kukaa, kwa sababu niliona vibaya kukiacha vile.

Ni hapo Columbus aliponiuliza habari ya kusindikiza, inakwendaje, nani anasema nini. Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya baba, ambayo sikuwa nimemwambia Mmarekani yeyote.

Tulipokimbia vita, baba alitusindikiza. Yeye alikuwa abaki na ng'ombe siku kadhaa, kisha atufuate. Alitubebea mzigo mgongoni, akashuka nasi mpaka bondeni kwenye kijito. Pale akasimama akamtazama mama. Mama akasema, kama inavyotakiwa kusemwa, "Rudi sasa." Baba akageuka, akapanda mlima. Hatukumwona tena, wala aliyemwona hatukumpata. Mama amebaki na neno lile. Usiku analisema usingizini.

Mzee akaomba nimfundishe neno lenyewe kwa lugha yetu. "Rudi sasa." R yake ilikuwa inateleza, nikamrudisha mara nyingi, tukacheka wote wawili.

"Siku yangu ikifika," akasema, "utanisindikiza?"

"Ulinikataza, mzee."

"Sasa nakuruhusu."

"Na neno utalisema? Usinitembeze kama yule wa soda."

"Nitalisema."

Faili la mama lilifunguka wakati sijatazamia, nalo likamleta Buffalo. Nikaacha kila kitu nikamfuata. Tulipewa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, upande wa magharibi wa mji, ngazi zinalia, jirani kulia ni Waburundi, kushoto ni watu wa Burma. Nikapata kazi kiwandani Tonawanda, kufunga maboksi, basi la asubuhi gizani na theluji mpaka magotini.

Mama alikuwa amezeeka. Aliimba, alipika, alicheka na majirani, lakini neno lile hakulitamka tena akiwa macho. Nikimsindikiza Jumapili mpaka kituo cha basi ili aende ibada ya wamama, ananyamaza. Basi linakuja, anapanda, hasemi. Mimi nafanyaje? Napanda na mimi. Ndiyo sababu wamama wa kanisani wanadhani mimi ni mcha Mungu kuliko wasichana wenzangu.

Majira ya kuchipua yalipofika, mzee akaja Buffalo. Nilimwona kwenye televisheni ya duka la nywele, amevaa kofia ya timu ya mji, nikapiga kelele mpaka msusi akaniunguza sikio. Alikuwa ameiacha ofisi mwenyewe, ameomba kurudi kuwa kocha. Nilipomfuata uwanjani aliniambia kwa nini.

"Mwenye tai hawamwiti juu. Simu inakuja kwa aliyeko benchi, mtoto. Umri umekwenda. Hapa ndipo mwisho wa kungoja."

Nikarudi kwenye jezi. Ofisi yake ya Buffalo ilikuwa na mlango, maana uwanja haukuwa wake kuondoa milango. Alipowafungia watu, aliufunga taratibu kuliko zamani, akaushikilia ulimi wa kitasa kwa kidole gumba ili usilie. Ulilia hivyo hivyo.

Katikati ya kiangazi habari zikaja. Timu ya juu imemfukuza kocha wake. Wanatafuta mwingine, na jina la mzee linatajwa. Wachezaji walimzunguka kama watoto. "Nahodha, utatukumbuka? Nahodha, nichukue hata niwe nabeba maji!" Alikuwa anawafukuza kwa taulo, lakini alikuwa amenyoa ndevu vizuri, na aliniambia kwa sauti ya chini, "Jezi yangu leo iwe nyeupe sana." Niliifua peke yake, nikaisugua kola kwa mswaki. Nikamwambia mama, mama akawaambia wamama wa ibada, wakamwombea mzungu wasiyemjua, kwa Kiswahili na kwa Kinyamulenge, lugha ya milimani kwetu, aitwe juu.

Simu ililia mchana, kabla ya mechi. Nilikuwa napita na taulo, nikasimama pale pale. Mlango ulikuwa wazi, mzee amekaa, simu sikioni.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, bwana... Hapana, naelewa. Naelewa kabisa."

Akaiweka simu chini. Wote tulikuwa tunautazama mlango. Ukibaki wazi, ameitwa. Mzee akainuka. Akaizunguka meza kwa ile njia yake. Akaniona mimi nimesimama na taulo zangu, akanitabasamia, tabasamu zuri kabisa, la mtu anayekupisha upite kwanza. Kisha akaufunga mlango, yeye akiwa ndani, peke yake.

Tk.

Walimchagua mtu mwingine, kijana kuliko yeye. Na mtu huyo alikuwa anakuja na watu wake wa kuongoza timu za chini, hata hii yetu. Mzee aliongoza mechi ile mpaka mwisho na jezi yake nyeupe, wakashinda. Akawaaga wachezaji mmoja mmoja. Walitazama kamba za viatu. Mimi akaniambia:

"Kesho asubuhi, mtoto. Unisindikize."

"Nitakuja, mzee."

Nyumbani nilimweleza mama, huku ananyambua sombe, kisamvu cha kwetu. Aliuliza, "Naye anajua neno?"

"Anajua. Nilimfundisha mwenyewe."

"Na habari ya baba yako anaijua?"

"Nilimweleza."

Mama aliendelea kunyambua majani.

"Basi hatakungoja," akasema. "Hatathubutu kukuambia neno hilo."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, huyu mtu hajawahi kuniahidi kitu asikifanye." Nilivyosema hivyo nikakumbuka ahadi ya ligi kubwa.

Kesho yake nilichukua basi la kwanza kabisa. Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa anakunywa kahawa. Akaniambia nahodha ameondoka alfajiri, kwa miguu, na begi moja, kuelekea kituo cha treni. Hakutaka teksi. Nikauliza, ameniachia salamu? Hapana, hakuacha kitu. Alisimama tu hapa kidogo, akasema maneno fulani ya kigeni kwa sauti ya chini, kama mtu anayejifunza, kisha akatikisa kichwa akaenda.

Nikaingia. Ofisi ilikuwa tupu, meza imepanguswa. Mlango ulikuwa wazi, wazi kabisa, mpaka ukutani. Nikachukua taulo, nikalikunja, nikalisukuma chini yake usije ukasukumwa na upepo.

Kisha nikatoka. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka, hata mimi nilijua. Nilishika ile njia ya kituo, upande wa kushoto, nikaacha nafasi kulia kwangu, upana wa mtu mwenye begi. Mjini jogoo hakuna, ni njiwa tu na malori. Mtu mmoja mwenye baiskeli alikuja kinyume, nikambana kidogo apite upande wangu, asipite katikati yetu. Nikatembea mwendo wa mzee, ambao ni wa polepole kwa sababu ya goti.

Njia ile inapita chini ya barabara ya juu, halafu inakata kona. Pale palikuwa na maji ya mvua yamejikusanya, yanatiririka kidogo kuelekea kwenye shimo la mtaro. Nikasimama. Nikangoja. Malori yalipita juu ya kichwa changu, zege likatetemeka, likatulia, likatetemeka tena.

Hakuna aliyesema neno.

Nikageuka mwenyewe, nikarudi.